Clementina, Mwenye Kufungua Mizigo ya Watu

Ukitaka dada Clementina akubebee mzigo kwenda nyumbani, lazima uufungue. Kumwambia tu kilichomo hakutoshi. Unaufungua juu ya meza yetu ya chakula, mbele yake, na yeye anainua kitu kimoja kimoja, anakigeuza, anatia vidole kwenye mifuko ya suruali za watu, anatikisa viatu, kisha anaufunga upya kwa selotepu yake mwenyewe. Hata kama ni zawadi ya harusi. Hata kama umeshaipamba kwa utepe.

"Haya, Forodha kaja," mama husema akimsikia anagonga mlango. "Swalha, ficha sufuria zisije zikakaguliwa."

Dada Clementina hucheka, anavua viatu, lakini macho yameshafika mezani kabla yake.

Asiyeishi huku China, Guangzhou, anaweza kuona haya ni mambo madogo. Hapa kilo ni kitu cha kuombana. Mwanafunzi akikata tiketi ya kurudi likizo, hata hajamwambia mama yake mzazi, watu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, wameshajua na simu zinaanza: dawa ya bibi, nywele za bandia, kioo cha simu, mkanda wa cherehani, "kamzigo kadogo tu, wala hakana uzito." Ukikataa, una roho mbaya. Ukikubali halafu ukasema "fungua nione," hiyo mbaya zaidi, maana umemwambia mtu mbele ya watu kwamba humwamini. Watu wazima wote ninaowajua hupokea mzigo ukiwa umefungwa, wanaupima kwa mkono, wanasema utafika inshallah. Dada Clementina peke yake ndiye hafanyi hivyo. Mimi nilitaka kujua kwa nini, nikamuuliza na kumuuliza mpaka akachoka.

Alizaliwa Kigoma. Baba yake, mzee Nikodemu, kazi yake ilikuwa kamba za boti bandarini. Boti ikija anadaka kamba, anaifunga. Boti ikiondoka anaifungua. Miaka ile ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita, na sisi tulikuwa hatumo, kwa hiyo boti za kila mtu zilikuja. Nyingine zilikuja na mizigo iliyofunikwa maturubai. Clementina alikuwa mtoto, akimpelekea baba yake chakula cha mchana, akamuuliza chini ya yale maturubai kuna nini.

"Akanijibu, 'Kuna maturubai mengine,'" ananisimulia. "Nikamuuliza, na chini ya hayo mengine? Akasema, 'Mwanangu, kazi yangu ni kamba.'"

Anasema alimpenda sana baba yake. Anasema pia kwamba jibu lile limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akasoma sekondari kwa masista, akafundisha historia Kasulu, akapata ufadhili wa kuja kusoma huku, na sasa anaandika tasnifu ya udaktari juu ya kitu ambacho nilipokisikia mara ya kwanza nilidhani ananitania. Ni kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani, Kaskazini na Kusini, zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita. Lakini haandiki juu ya wapiganaji. Anaandika juu ya bandari za nchi ambazo hazikuwa upande wowote, na namna wakubwa wa bandari hizo walivyoamua kama meli iliyotia nanga mbele yao ni ya biashara au ni manowari.

"Sasa si unaangalia tu kama ina mizinga?" nikamwambia.

"Eeeh!" Akaruka kwenye kiti.

Hapo nikawa nimemfungulia bomba. Dada Clementina hawezi kusimulia ameketi. Anatembea kutoka kwenye jokofu mpaka dirishani, anageuka, anarudi, na nyumba yetu yenyewe ni hatua chache tu, kwa hiyo anageuka sana. Mama anasema ipo siku atatoboa sakafu tumwangukie laobani wa duka la chini, bosi ambaye hata akikutana nasi kwenye ngazi hatusalimii.

Akanisimulia habari ya meli iliyojengwa karibu na Liverpool. Waingereza walikuwa wametangaza kwamba hawamo katika vita, na sheria yao ilikataza kumwandalia mpiganaji meli ya vita. Watu wa Kusini wakaagiza meli. Haikuwekwa mzinga hata mmoja, na kiwandani iliitwa kwa namba tu. Watu wa Kaskazini wakapiga kelele, hiyo ni manowari, izuieni! Wakubwa wakawa wanavuta miguu: ushahidi uko wapi? Siku ya kuondoka wakapandishwa wageni, mabibi na mabwana waliovaa vizuri, kana kwamba meli inakwenda kujaribiwa baharini irudi jioni. Wageni wakarudishwa na boti ndogo. Meli haikurudi. Mizinga ilitoka London ndani ya meli nyingine kabisa, zikakutana huko mbali visiwani, wakaihamisha.

"Na hiyo iliyobeba mizinga unajua iliitwaje? Agripina! Kama shangazi yangu wa Kasulu."

"Kwa hiyo aliyedanganya ni nani?"

"Ndiyo hapo sasa!" Alikuwa amefika dirishani, akageuka. "Aliyejenga meli anasema kweli, sikuweka mzinga. Mwenye kubeba mizinga anasema kweli, mimi nabeba mizigo ya watu. Mkubwa wa bandari anasema kweli, sikuona kitu. Wote wanasema kweli, na meli za watu zinachomwa moto karibu miaka miwili."

Manowari hiyo ilifika mpaka upande wetu wa dunia. Ilitia nanga Anzwani, kule Komoro, ikanunua chakula. Mabaharia wakaachiwa washuke wakastarehe, wakazunguka kisiwa kizima hawakuona pombe, wakarudi melini wamenuna. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Na kule Rasi ya Tumaini Jema ikaletwa merikebu waliyoiteka njiani; wameitia mizinga midogo, wameipa jina jipya na bendera, wanataka ipokelewe kama manowari, wakati sufu ya wenyewe bado imo tumboni. Gavana akaipokea.

"Hakuuliza ile sufu ni ya nani?" nilisema.

"Mimi naandika hayohayo. Wengine wanaandika walichojibiwa wakubwa wa bandari. Mimi naandika ambacho hawakuuliza."

Profesa wake anamwambia amekuwa mkali mno. Gavana ana watu wa kulisha, ana makaa ya mawe ya kuuza, ana mgeni mlangoni aliyemwamkia kwa heshima. Wewe ungeuliza? Dada Clementina anasema alimjibu papo hapo: ningeuliza.

Mwaka huu mwezi wa sita akakata tiketi. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam na Zanzibar kusoma nyaraka za zamani, akirudi atetee tasnifu yake mbele ya maprofesa, yaishe. Mizigo ikaanza kuja. Mtu alileta vitenge vya harusi, dada akavikunjua vyote. Mwingine alileta pampu ya maji, akaichungulia kwa tochi ya simu.

Kisha akaja anko Abdulwakil.

Anko Abdulwakil ni Mpemba, wakala wa mizigo. Ofisi yake iko ghorofani kwenye jengo la biashara hapo barabara ya Huanshi Zhonglu, na makontena anayojaza hupitia bandari ya Huangpu. Mama akinunua nguo soko la Shahe, yeye ndiye anayezisafirisha. Lakini kwa dada Clementina ni zaidi ya hapo. Mwaka juzi kidole tumbo kilimshika hosteli, anajiviringisha sakafuni, na lifti imeharibika. Mama alimpigia anko. Akapanda ngazi zote zile mbio, akambeba mgongoni, akashuka naye, akakaa hospitalini akijibizana na manesi kwa Kichina mpaka akapasuliwa. Dada Clementina anasema hakumbuki kitu ila harufu ya udi kwenye shati. Tangu hapo kila akisafiri, anko humpeleka uwanjani kwa gari lake.

Siku hiyo aliingia na boksi lililozungushiwa tepu ya kahawia kila upande.

"Shikamoo anko," nikasema.

"Marahaba, Swalha. Mwalimu, hiki kidude cha mdogo wangu Haroun, atakufuata hapohapo Unguja."

"Kidude gani?"

"Plastiki tu, yakhe. Kitu cha kuchezea."

Mkono wa dada Clementina ulikuwa umeshashika mkasi. Nauona mpaka sasa. Akamtazama anko, akatazama boksi, kisha akausukuma mkasi chini ya kitambaa cha meza taratibu, kama mtu anayeficha mfupa.

"Wako sifungui, kaka Abdulwakil."

"Alhamdulillah! Hata mie nilianza kutetemeka. Nasikia Forodha ya hapa haili rushwa."

Wakacheka wote. Mama akaleta chai. Boksi likawekwa chini ya meza.

Baada ya hapo dada Clementina hakutulia. Zamani alikuwa anakuja Jumamosi tu, kunifundisha hesabu na kula ugali wa mama. Sasa akawa anakuja siku yoyote, anasema amesahau kalamu. Anakaa, anasimama. Anainama chini ya meza, analiinua boksi, analitikisa karibu na sikio, analirudisha. Akinifundisha milinganyo anakosea alama ya kutoa, yeye! Na mimi ikaniingia. Nilikuwa napiga teke boksi kwa bahati mbaya nikifanya kazi za shule, nashtuka kama nimemkanyaga mtu.

"Lifungue tu," nikamwambia.

"Nimeshamwambia silifungui."

"Basi muulize."

"Nikimuuliza nimemwita mwongo. Yule mtu alinibeba, Swalha."

"Sasa si ndivyo yule gavana..."

"Fanya hesabu."

Nikafanya hesabu. Lakini nilikuwa nimeona uso wake.

Ijumaa, safari ikiwa Jumapili, akaja Lusajo. Lusajo ni kijana wa Tukuyu anayesoma uhandisi, walikuwa wanasafiri ndege moja. Alikuja mchana kupima mabegi kwenye mizani ya mama na, tuseme ukweli, kula. Alikuwa kwenye sahani ya pili alipoanza kulalamika.

"Mimi kwa kweli mzigo mmoja umenibidi niufungue. Betri haziruhusiwi kwenye begi linaloingia chini ya ndege, lazima uzishike mkononi. Nikasema ngoja nione ni betri gani nisije nikaaibika."

"Betri za nani?" dada Clementina akauliza.

"Za kaka Abdulwakil. Kubwa hizi, za droni. Rimoti anasema ilishatangulia na kontena la viatu." Akamega ugali. "Sasa mwili wenyewe sijui kampa nani."

Mimi nilitazama chini ya meza, mama akatazama chini ya meza, na Lusajo naye akainama kuona tunatazama nini.

"Aisee," akasema. "Kumbe bodi unayo wewe dada!"

Dada Clementina alikuwa ameshasimama. Jokofu, dirisha, jokofu. Nyumbani droni inatakiwa iwe na kibali kabla haijaingia, hilo hata mimi nalijua. Ikikamatwa bila kibali anashikwa aliyeibeba, kwa jina lake na pasi yake ya kusafiria. Ufadhili wake una masharti. Mtu aliyeshikwa uwanjani kwa kupitisha vitu anaweza kuondolewa, tena yeye kabakiza kutetea tu. Miaka yote hii, anaandika juu ya watu wasiouliza, halafu yeye mwenyewe anavusha plastiki ya mtu.

"Lakini si ya kupigia picha?" mama akasema. "Haroun anapiga picha za harusi. Siyo bomu."

"Najua siyo bomu, dada Chausiku. Lingekuwa bomu ningejua la kufanya."

"Basi mwambie kilo zimezidi. Mbona kila mtu anasema hivyo? Anakuelewa, hanuni, maisha yanaendelea."

Nikaona analifikiria hilo. Lilikuwa rahisi kweli. Akalipeleka mpaka dirishani, akarudi nalo.

"Nikisema kilo zimezidi, kesho atampa Careen wa hosteli, au mtoto mwingine wa watu anayerudi likizo." Akachukua boksi. Mimi nikachukua viatu.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kukusaidia kubeba."

"Chepesi hiki."

"Nakuja hivyohivyo."

Tukatoka. Alikuwa anatembea mbele yangu kwa kasi, anapishana na watu wenye mikokoteni ya maboksi, na mara mbili alisimama ghafla nikamgonga mgongoni. Nilidhani atageuka. Hakugeuka.

Anko Abdulwakil alikuwa na wateja, wanawake wawili wa Kikongo waliokuwa wakibishana naye juu ya vipimo vya masofa. Alipotuona akafurahi.

"Karibu mwalimu! Mbona mgeni wangu umemrudisha?"

Dada Clementina aliweka boksi mezani.

"Kaka, hii ni droni?"

Tabasamu halikutoka usoni kwa anko. Lilibaki tu pale bila mwenyewe.

"Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Ya harusi, yakhe. Kibali watakuzungusha weye, njoo leo, njoo kesho, mpaka kipatikane maharusi washazaa."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi ndiyo maana sikukwambia."

Alisema bila hasira, kama anavyomweleza mteja kwa nini bei ni ile. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona ana hoja. Kisha akaegemea meza, akashusha sauti.

"Mie nilipokubeba, nilikuuliza una nini tumboni?"

Wakongo waliacha masofa yao. Dada Clementina ambaye hajui kusimama mahali pamoja, alisimama. Hata vidole havikucheza. Nilitamani aseme jambo lolote, nilitamani tuondoke, nilitamani lile boksi liwe na wanasesere.

"Hukuniuliza," akasema. "Nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini ungeniuliza, ningekwambia."

Anko akalitazama boksi. Akalichukua, akalitupa nyuma ya kiti chake juu ya marobota. Nilisikia plastiki ikigonga.

"Haya. Laobani mkubwa weye. Na kilo zangu?"

"Kilo zako zipo palepale. Ulipewa, ni zako."

Hilo hakulitarajia. Aligeuka huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo, kisha akavuta mfuko mkubwa wa nailoni kutoka kwenye rafu, akaufungua na kuumwaga mezani. Soksi za watoto za Shahe, zile nyeupe za shule, lundo zima.

"Haroun ana watoto, na watoto wana majirani. Njoo ukague, Forodha! Na nyie mama njooni mwone, tuna afisa hapa." Akainua moja juu. "Soksi. Haina mzinga." Akamtupia. "Nyingine hii. Haina mzinga. Hii nayo, angalia vizuri, pengine manowari imejificha kisiginoni!"

Wakongo wakacheka. Mimi uso uliniwaka moto. Habari za mizinga na manowari alisimuliwa na dada mwenyewe, hospitalini, wakisubiri dawa. Sasa anazitumia kumchekesha mteja. Nilimvuta mkono wa gauni.

Hakuja. Alivuta kiti, akaketi. Akachukua soksi ya kwanza, akatia mkono mpaka vidoleni, akaigeuza nje ndani, akairudisha, akaiweka upande wake wa kulia. Akachukua ya pili. Anko akawa anarusha haraka zaidi, moja inamgonga begani, moja inamwangukia kichwani, na yeye anaziokota kwa mwendo uleule, mkono ndani, nje, kulia. Alipofika kwenye jozi akazikunja pamoja. Kicheko cha Wakongo kikaisha. Mmoja akasema jambo kwa Kifaransa, wakaaga na kuondoka, masofa yao watakuja kuyaulizia baadaye. Tukabaki watatu na soksi.

Anko akachoka kurusha. Akawa anasukuma tu lundo kuelekea upande wetu bila kusema mizinga. Mimi nikaanza kukunja jozi ili mikono yangu ipate kazi.

"Hii ina tundu," dada Clementina akasema.

"Meiyou," akajibu anko, lile neno la kukatalia la sokoni, lilimtoka lenyewe. "Hakuna tundu. Mzigo mpya huo."

"Lipo. Hapa."

Anko akamnyang'anya soksi, akatia kidole, na kidole kikatokea upande wa pili, kinene, na pete yake ya fedha. Wote watatu tukakitazama. Anko hakucheka. Aliivua soksi taratibu, akaitupa kwenye pipa la taka, akavuta kiti chake akaketi mkabala na dada Clementina. Akachukua nyingine kutoka kwenye lundo, na kabla ya kumpa, akatia mkono wake ndani kwanza mpaka vidoleni, akapapasa, kisha akamkabidhi.